Sifuri Si Kufika

Kasia la kwanza lilimpata mzee Zadok mgongoni, la pili sikioni, la tatu likavunjika. Aliyelishika alibaki na kipande mkononi. Akakitazama kama mtu aliyeuziwa mbao mbovu, kisha akaendelea kupiga kwa kipande hicho hicho.

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lilikuwa limeacha biashara. Magunia ya dagaa yalitupwa hovyo, wanawake wamepanda juu ya meza za sangara ili waone vizuri. Mtu mmoja alikuwa ameshachomoa galoni ya petroli kwenye injini ya mtumbwi. Mwingine aliviringisha tairi kuja nalo, bila haraka, utadhani anakwenda kuziba pancha.

"Ameua mtoto wa watu! Ameua Shaibu wetu!"

Mzee alijaribu kuinuka kwa magoti. Buti likamrudisha chini. Meno yake mawili yalikuwa mchangani, meupe kati ya magamba ya samaki.

Inspekta Nasma alishuka kwenye pikapu ya polisi kabla haijasimama sawasawa. Hakupiga kelele. Alipiga risasi juu, na korongo wote waliokuwa kwenye mabati wakaruka kwa pamoja.

"Ya pili haipandi," alisema, bastola ikishuka taratibu hadi usawa wa vifua.

Watu wakafungua njia, isipokuwa mwenye galoni.

"Afande, sisi tunakusaidia kazi."

"Kazi yangu husaidii. Unaichoma. Weka chini."

"Shati lake lina damu ya Shaibu! Watu wamemwona jana jioni akitoka ofisini kwao!"

"Na sasa hivi ana damu yake mwenyewe. Hiyo nayo alijimwagia jana?"

Yule bwana akawatazama wenzake. Akaweka galoni chini.

Wapo watu katika mji huu ambao wakiona damu kwenye shati la maskini hawaulizi ni ya nani. Wakiiona kwenye shati la tajiri wanamuuliza kama ameumia.

Koplo Machibya, Msukuma mwenye mabega ya kubebea pamba, alipenya akamwinua mzee kama mtoto. "Shika shingo yangu, baba. Usife kwanza. Ukifa leo nitaandika ripoti mpaka Idi."

Nyuma ya pikapu Nasma alimfuta Zadok uso kwa kitambaa. Hapakuwa na asiyemjua mzee huyu. Ni mvuvi wa upande wa Mara, Mjaluo, aliyehamia Kirumba na mwanawe Oyoo. Kabla ya Pasaka mtumbwi wa Oyoo ulizama ukitoka Nansio na abiria wote. Ulikuwa na kidude cha dharura, kile cha kubonyeza ili ujumbe ufike Nansio na boti ya uokoaji itoke. Kampuni ya Wimbi, alikofanya kazi Shaibu, yenye mtambo wa kupokea jumbe hizo, ilitangaza kwamba hakuna ujumbe uliotumwa, na kwamba nahodha lazima alikuwa amelewa. Hilo tu. Mji uliozika watu wa meli ya Bukoba pale Igoma unajua jinsi wafu wa majini wanavyogeuzwa washtakiwa. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akisimama mbele ya ofisi ya Wimbi na kupaza sauti: "Mtakufa kama alivyokufa!" Kirumba yote ilisikia. Leo Kirumba yote ilikumbuka.

"Ulikwenda kufanya nini pale jana?" Nasma aliuliza.

"Shaibu aliniita." Maneno yalitoka na povu jekundu. "Akasema, mzee njoo, nikuonyeshe ukweli wa Oyoo."

"Ulimkuta hai?"

"Alikuwa anakoroma. Vidole vyake, mama... vilikuwa kama dagaa waliokanyagwa. Nikamwinua kichwa. Akaniambia, sifuri si kufika."

"Sifuri?"

"Sifuri si kufika. Akasema tena. Akanyamaza."

Macho ya mzee yakageuka juu.

Hospitalini daktari alisema figo zimepigwa, mbavu zimeingia ndani, na kwamba wasubiri. Nasma alimfunga Zadok pingu ya mkono mmoja kwenye kitanda, kwa sababu jalada lilikuwa na jina moja tu la mtuhumiwa na jina hilo lilikuwa lake. Akaweka askari mlangoni. Kupitia dirishani alimwona mwenye galoni amekaa ng'ambo ya barabara na wenzake, wanakula mihogo, wanangoja. Mzee akipona wangemngoja hapo. Akifikishwa mahakamani na shati lile, kamba ingemngoja huko.

"Ana milango miwili," Machibya alisema, "na yote inatokea kaburini."

"Basi tumtafutie wa tatu. Twende ofisini kwao."

*

Wimbi ilikuwa ghorofani, juu ya saluni ya mama mmoja aitwaye Queen. Mwili wa Shaibu ulikuwa umeondolewa. Vingine vyote vilikuwapo. Damu ilikuwa imerukia ukutani hadi kwenye kalenda. Kando ya meza, juu ya zulia, ililala betri nzito ya kuhifadhia umeme wa kompyuta, imepasuka ubavu, nywele zimeganda kwenye kona yake. Zulia kuizunguka lilikuwa limeliwa, limebaki matundu yenye kingo za kahawia.

Nasma alichuchumaa bila kugusa. "Nini kimekula zulia?"

"Tindikali ya betri, afande."

"Iliruka mpaka wapi?"

Machibya alifuata madoa kwa tochi. Yalipanda kwenye mguu wa meza, yakapanda kwenye kiti, yakapanda ukutani. "Aliyeishika hakukosa kurukiwa."

"Shati la mzee uliliona?"

"Lina damu kifuani na mikononi. Lakini pamba ni nzima." Machibya aliinua kichwa. "Halina tundu hata moja."

"Sasa tazama meza." Kwenye ubao wa meza kulikuwa na alama za pembe ya betri, moja baada ya nyingine, zimepangana kama meno, na kila alama ilikuwa na kipande cha kucha. "Kichwa kilipigwa mwisho. Vidole vilitangulia, kimoja kimoja. Mtu anayetaka kuua tu hahangaiki na vidole. Vidole vinapondwa na mtu anayetaka vidole hivyo vifanye jambo, navyo vinakataa."

"Mzee Zadok angetaka vifanye nini? Hata simu anabonyezewa."

"Ndilo swali."

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Jonathan, mkuu wa ufundi wa Wimbi, shati limenyooka, viatu vipya vinavyolia. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na bandeji.

"Madam, poleni na kazi. Nimesikia mmemkamata. Asanteni sana. Yule mzee tulimvumilia mno."

"Mkono umefanyaje?"

"Pasi. Nilikuwa najiandaa kuja msibani."

"Pole. Pale koridoni naona kamera."

"Ndiyo, lakini jana umeme ulikatika jioni yote. Hakuna kilichorekodiwa. Bahati mbaya."

"Rekodi mnaweka wapi?"

"Kwenye mashine yetu ya Nansio. Hapa vibaka wengi. Unaweza kuangalia mwenyewe, faili la jana halipo." Alisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuangalia.

Nasma alimwomba akae chumba cha pili na Machibya. Yeye akateremka saluni.

Queen alikuwa na kitana mdomoni na mteja mapajani. "Umeme ukatike jana? Nani kasema? Jana jioni nilikuwa na bibi harusi chini ya mashine ya kukaushia. Ungekatika angenila mbichi! Mashine ilinguruma mpaka tunafunga. Ndiyo maana sikusikia kitu huko juu, maskini Shaibu."

"Hata kuyumba haukuyumba?"

"Dada, mimi umeme ukiyumba nywele zinaungua. Uliza kichwa chochote hapa."

Nasma alipanda ngazi. Umeme ulikuwapo, kamera ilikuwapo, na faili halikuwapo. Mtu alilifuta.

*

Safia, fundi mwenzake Shaibu, alikuwa peke yake kwenye chumba cha nyuma, binti wa mjini, hijabu imekaa upande, jicho la kushoto limevimba na kufanya rangi ya zambarau.

"Nani kakupiga?"

"Nilianguka."

"Ngumi ya nani uliiangukia?"

Safia alitazama ukuta wa mbao uliotenganisha chumba chake na kile alichokaa Jonathan. Akashusha sauti.

"Shaibu alikuwa anaandika nyaraka. Mwongozo wa Kamba."

"Kamba ni nini? Niambie kama unavyomwambia mama yako."

"Ni maktaba, lakini si ya vitabu. Ni vipande vya programu ambavyo mafundi wengine wanachukua na kutumia kwenye vitu vyao. Sasa fikiria uko kwenye boti katikati ya ziwa, na kabati lako la mafaili liko Nansio. Kamba inafanya boti ilione kabati kama liko humo humo botini. Unafungua faili, unaandika, unafuta, yote kwa mbali, kupitia mtandao."

"Na kidude cha dharura kinatumia Kamba."

"Ndiyo. Mafundi waliokitengeneza hawatufahamu, hatuwafahamu. Walichosoma ni mwongozo tu. Na mwongozo wa zamani aliuandika Jonathan." Alifungua kompyuta, akamgeuzia. "Soma hapa. *Andika: hurudisha sifuri faili likishahifadhiwa.* Sifuri kwetu maana yake hakuna kosa, mambo yamekwenda sawa."

"Na si kweli?"

"Shaibu alipewa kazi ya kuboresha nyaraka. Wengine wangenyoosha sentensi tu, waweke koma. Yeye kila sentensi aliijaribu kabla ya kuiandika upya. Alichomoa mtandao, akaita *andika*. Ikarudi sifuri. Akapiga simu Nansio kuuliza, hakuna kitu. Akarudia mpaka akachoka. Sifuri maana yake ni kwamba mashine yako imeupokea ujumbe mkononi. Haijaufikisha. Kama unataka uhakika lazima uite *thibitisha* na usubiri jibu la Nansio. Hilo mwongozo wa zamani hausemi popote."

"Kwa hiyo Oyoo alibonyeza."

"Alibonyeza. Kidude kikapata sifuri, kikaacha kujaribu tena." Safia alifuta jicho zima kwa kiganja. "Shaibu akaandika kichwa cha ukurasa mpya kwa herufi kubwa: *Sifuri si kufika*. Jonathan akamwambia, wewe ni mwandishi, andika unachoambiwa, huo ukurasa ukitoka sisi sote ni wauaji. Shaibu akasema, ukurasa ukitoka au usitoke, tayari tumekwisha kuua. Jana mchana alisema atamwonyesha mzee Zadok kwanza, kisha autoe kwa kila mtu anayetumia Kamba. Mimi nilimuunga mkono. Ndipo nilipoangukia hiyo ngumi. Nikaenda nyumbani."

"Kuutoa alihitaji nenosiri?"

"La Shaibu peke yake. Na kuufuta kabisa pia, nenosiri hilo hilo. Jonathan hakuwa nalo."

Vidole kimoja kimoja. Nasma hakuhitaji kuuliza zaidi juu ya vidole.

Jonathan alikuwa na sababu, na mkono ulioungua. Lakini wakili yeyote angesema pasi, na angesema shati la mzee lina damu. Nasma alihitaji picha za koridoni.

"Jonathan angeweza kufuta rekodi ya kamera akiwa hapa?"

"Kirahisi. Anaita *futa*, kwa Kamba hiyo hiyo. Inarudi sifuri."

"Ikirudi sifuri, faili limekwisha?"

Safia alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaufunga.

"Ukurasa wa zamani unasema limekwisha. Aliuandika yeye."

"Na wa Shaibu unasemaje?"

Safia aliutafuta ukurasa. Alisoma kwa kunong'ona: "*Futa huondoa jina la faili. Ukitazama kwenye orodha hutaliona tena. Lakini kama programu yoyote kwenye mashine ya upande wa pili bado imelifungua, faili lenyewe lipo zima hadi programu hiyo ifungwe au mashine izimwe. Kwa muda huo linaweza kuokolewa hivi...*" Akainua uso. "Aliandika na hatua zake. Aliandika juma lililopita tu. Jonathan alikataa kurasa zake zote bila kuzisoma."

"Nansio kuna nani?"

"Favour. Anakaa gatini, anaangalia mtambo. Huwa anaacha kamera zetu wazi kwenye kioo, anasema zinamtoa upweke."

"Mpigie. Sasa hivi. Weka sauti kubwa."

Simu iliita mpaka Nasma akaanza kuuma ndani ya shavu. Kisha sauti ya msichana wa Ukerewe, yenye usingizi: "Haloo, Safia. Poleni jamani. Nimelia mpaka basi."

"Favour, kioo cha kamera ya koridoni kiko wazi?"

"Kiko wazi lakini kimeganda tangu jana. Picha haisogei. Nilikuwa nataka kukifunga hivi nianze upya..."

"Usikifunge!"

Safia alipiga yowe, na yowe likapita kwenye ukuta wa mbao kama kisu kwenye papai.

Upande wa pili kiti kilianguka. Machibya aliguta. Kisha mlango ukapasuka kutoka kwenye bawaba na Jonathan akaingia akiwa na shingo ya chupa ya maji ya kioo mkononi, nusu yake ikiwa imebaki kwenye paji la Machibya. Hakumtazama Nasma. Alimrukia Safia, akamchana mkono uliokuwa na simu toka kiwiko hadi kifundo, simu ikaanguka, akainama nayo sakafuni akiibwekea.

"Favour! Ni mimi, bosi! Chomoa waya wa mashine! Kuna moto! Chomoa! Sasa hivi!"

Nasma alimpiga kwa kitako cha bastola nyuma ya sikio. Jonathan hakulegea. Aligeuka na ile chupa na kuichoma kwenye bega la Nasma, akaizungusha. Nasma alisikia mfupa ukikwaruza kioo. Alimshika kifundo chenye bandeji na kukikamua kwa nguvu zote, na bandeji ikateleza pamoja na ngozi. Jonathan alilia kama mbwa aliyekanyagwa na gari. Machibya aliingia, damu imemfunga jicho moja, akamkalia mgongoni, akamvuta mikono nyuma mpaka bega likatoa mlio.

"Tulia, bosi. Tulia, nisije nikavunja kingine."

Kwenye sakafu, katikati ya damu ya watu watatu, simu ilikuwa bado inawaka.

"Favour?" Nasma aliita. "Mimi ni Inspekta Nasma wa polisi. Umechomoa?"

"Nimechomoa." Sauti ilikuwa ndogo. "Bosi kasema moto. Nimechomoa waya ukutani."

Safia alifumba macho. Jonathan, shavu limebanwa kwenye zulia, alianza kucheka.

"Lakini haijazimika, afande," Favour aliendelea. "Inalia tu, pii, pii. Si ipo kwenye betri? Na moto wenyewe siuoni."

Kicheko kikakatika.

"Rudisha waya!" Safia alipaza sauti, mkono wake ukichuruzika hadi kwenye baragashia ya Shaibu iliyokuwa mezani. "Rudisha, Favour, usiguse kingine! Nakusomea, unafuata. Neno kwa neno."

Akasoma. Alisoma ukurasa wa marehemu, hatua baada ya hatua, huku Nasma akimfunga mkono kwa hijabu aliyoivua mwenyewe Safia bila kuulizwa. Tafuta namba ya programu inayoonyesha kamera. Ingia kwenye folda ya namba hiyo. Utaona vishikizo vya mafaili iliyoyafungua. Kimoja kitakuwa na neno *limefutwa* mbele yake. Usiogope neno hilo. Nakili kutoka hapo. Favour alikosea mara moja, akaambiwa, akarudia. Hakukuwa na mahali ukurasa ule ulipomwacha njiani.

"Imenakili. Imesema sifuri," Favour alisema.

"Sifuri hatuitaki," Nasma alisema. "Fungua hiyo nakala. Niambie unachokiona kwa macho yako."

Kitufe kilisikika kikibonyezwa.

"Naona koridoni. Bosi Jonathan anatoa betri kwenye kabati. Anaingia kwa Shaibu, anafunga mlango." Sauti ilianza kuvunjika. "Sasa hakuna mtu. Hakuna mtu bado. Mlango unatikisika. Unatikisika. Yesu wangu." Alivuta kamasi. "Anatoka. Shati limetoboka-toboka, anapulizia mkono. Anaitazama kamera. Ananitazama mimi. Anainua mkono... imeganda."

"Mzee mmoja mweusi, mrefu, amepita?"

"Hapana, afande. Hakuna mzee hapa. Mpaka inaganda hakuna aliyeingia mwingine."

"Favour, funga mlango wa ofisi kwa ndani. Askari wa Nansio wanakuja kuchukua hiyo mashine. Atakayegonga akisema ametumwa na kampuni, hujafungua."

Jonathan alikuwa ameacha kupambana. Aliongea na zulia.

"Ilirudi sifuri. Niliangalia mwenyewe. Faili halikuwapo. Ilirudi sifuri!"

"Ungesoma kazi ya marehemu, bosi," Machibya alisema, akambana pingu mpaka jino la mwisho.

*

Wenye galoni walikuwa wameshasikia. Walisimama ng'ambo ya barabara wakiangalia viatu vyao, na Nasma alipita mbele yao na bega lililoshonwa, akasema makasia matatu na petroli vina majina, na majina hayo atayachukua kabla jua halijazama. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyemtazama.

Zadok alikuwa macho. Mirija ilimtoka puani na ubavuni. Nasma alimfungua pingu, akaiweka mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Tumempata. Ni Jonathan wa pale pale. Wewe uko huru."

Mzee aligeuza shingo kwa shida. "Shaibu alitaka kunionyesha nini?"

Nasma alivuta stuli. Angeweza kumwambia apumzike kwanza. Wengi walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo.

"Oyoo hakulewa, mzee. Alibonyeza. Aliomba msaada kama inavyotakiwa. Ujumbe haukufika Nansio, na kosa si lake."

"Nilijua." Machozi yaliteremka pembeni hadi kwenye sikio lililochanika. "Nilijua alibonyeza. Nilimlea mimi." Kisha akakunja uso. "Sasa hicho kidude, baada ya kubonyeza, kilimwambia nini?"

"Mzee..."

"Kilimwambia nini?"

"Kiliwasha taa ya kijani. Safia anasema kimetengenezwa hivyo. Kikipata sifuri kinawasha kijani, maana yake ujumbe umefika, wanakuja."

Kifua cha Zadok kilipanda na kushuka kwa shida. Mahali mtumbwi ulipopatikana ni karibu na miamba, umbali ambao mvuvi yeyote wa ziwa lile huogelea na mtu mgongoni.

"Tulipouinua," alisema, "nanga ilikuwa imeshushwa. Kamba imefungwa vizuri, fundo langu mimi, nililomfundisha. Watu walinicheka. Wakasema ni mlevi gani anashusha nanga mtumbwi unazama. Nami niliona aibu, mama. Nilimwonea mwanangu aibu."

Mkono wake ulitafuta ukingo wa kitanda, ukaushika.

"Alishusha nanga ili wasipotee pale walipoambiwa wangoje. Aliwaambia abiria watulie. Miamba ile wanaiona, nao wamekaa. Wametulia, wanatazama taa ya kijani."